Mlango wa Kweli Uko Wapi?

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alinifuata baada ya kipindi. Alinionyesha kwenye simu yake tangazo la kazi za hoteli katika nchi za Nordiki, kazi za msimu wa baridi, akaniuliza kama ni la kweli. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Swali lake si lake peke yake, na mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili. Makala haya ndiyo jibu.

Mjane wa marehemu kaka yangu anauza vitenge na khanga Mtaa wa Congo, Kariakoo. Hana fremu, ana meza, mwavuli na wateja wa miaka mingi. Kwa meza hiyo amesomesha watoto watatu. Wa mwisho, binti, alihitimu stashahada ya huduma za hoteli, na tangu hapo amekuwa akifanya kazi za kuitwa katika kumbi na hoteli za katikati ya jiji: leo harusi, kesho semina, keshokutwa hakuna. Vijana wanaziita deiwaka. Analipwa mkononi usiku huohuo, bila mkataba na bila michango ya hifadhi ya jamii, na nauli ya bodaboda ya saa nane za usiku anaitoa mfukoni mwake.

Mwaka juzi, masika yakielekea ukingoni, shemeji alinipigia simu.

"Shemeji, mtoto amepata kazi Ulaya, kwenye hoteli. Njoo usome hizo karatasi kabla sijamalizia."

Neno "kumalizia" lilinishtua. Maana yake kuna kilichokwisha kuanza.

Nilifika kwao Ilala jioni ile, na nakiri kwamba sikuanza kwa kusoma karatasi. Nilianza kwa kuhubiri. "Mwanangu," nilimwambia, "stashahada yote hiyo ukatandike vitanda vya watu kwenye barafu?" Alinitazama kwa upole, akasema, "Baba mdogo, kwani hapa natandika vya nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba karatasi.

Kazi ilielezwa kuwa ya usafi wa vyumba na huduma ya mezani huko Lapland, kaskazini mwa Ufini, au Finland kama wengi tunavyoiita. Ada ya wakala ilikuwa shilingi milioni nne na nusu. Shemeji alikwisha kutoa laki nane alizokopa kwenye VICOBA, na alikuwa akitafuta mnunuzi wa kiwanja kidogo kilichoachwa na kaka yangu kule Chanika ili amalizie zilizobaki.

Kesho yake tulikwenda wote watatu ofisini kwa huyo wakala. Jina lake silitaji, wala la ofisi yake. Ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja katika mitaa inayokatiza Msimbazi. Chini palikuwa na duka la vifaa vya umeme, juu yake stoo ya viatu, juu yake tena mafundi cherehani. Ngazi zilijaa marobota, tukapanda kwa kupishana na wapagazi. Ndani palikuwa pasafi: bendera ya taifa mezani, na ukutani picha ya nyumba za mbao zilizofunikwa theluji chini ya anga la kijani. Wakala alikuwa kijana mwenye adabu na koti zuri. Aliposikia mimi ni mwalimu wa chuo alianza kuniita Profesa, cheo ambacho mwajiri wangu hajanipa mpaka leo.

Nilikuwa nimeusoma mkataba usiku kucha, na mambo matatu yalinikaa kooni. La kwanza, mwajiri hakutajwa kwa jina. Paliandikwa tu "hoteli washirika". La pili, mshahara uliandikwa kwa dola za Kimarekani, ilhali Ufini hutumia yuro. La tatu, ulikuwa mkataba wa miezi 24 kwa kibali cha "kazi ya msimu". Nikamwuliza wakala: ni msimu gani huo wa baridi unaodumu miaka miwili?

Alitabasamu. Akasema mikataba "huhuishwa" ikifika huko. Nikaomba jina la hoteli. Akasema hiyo ni siri ya biashara mpaka mteja akamilishe malipo. Nikaomba kuona leseni yake ya uwakala wa ajira. Akasema iko kwa mwanasheria. Nikaitazama risiti ya laki nane: haikuwa ya mashine ya EFD, ilikuwa imeandikwa kwa kalamu katika kile kitabu cha risiti kinachouzwa kila steshenari. Nilipoamka kuondoka, kijana yule alisema jambo moja ambalo sijaweza kulisahau, kwa sababu katika yote aliyosema siku ile hilo lilikuwa kweli tupu: "Mzee, wewe mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Hawa wanangoja nini?"

Tuliteremka kimya. Mimi nilijiona nimeshinda. Shemeji alikuwa akihesabu kimoyomoyo marejesho ya Alhamisi. Tulipofika chini, penye kelele za wauza chaja na soksi, binti alisimama.

"Baba mdogo, umenionyesha kwamba mlango huu ni wa uongo. Nashukuru. Sasa mlango wa kweli uko wapi?"

Mimi ni mhadhiri wa masuala ya jamii. Nimesimamia tasnifu kuhusu ajira, nimekaa kwenye warsha za uhamaji wa nguvukazi zenye chai, vitafunwa na maazimio. Nilisimama pale Kariakoo nikagundua kwamba sijui.

Niliyoyatafuta katika wiki zilizofuata nayaandika hapa, kwa sababu yanapatikana bure lakini hayapatikani kwa Kiswahili, tena hayapatikani mahali ambapo binti wa Ilala angeyakuta bila kuelekezwa.

Kazi yenyewe ipo. Lapland huishi kwa utalii wa majira ya baridi: watu husafiri kwenda kuona taa za kaskazini angani, kuteleza kwenye theluji na kuwapeleka watoto Rovaniemi, mji unaojitangaza kuwa kwao Babu Krismasi. Katika miezi hiyo hoteli huhitaji watu wa kusafisha vyumba, kuosha vyombo, kupika na kuhudumu mezani, wengi kuliko walioko kwenye vijiji vyake. Norwe nayo ina misimu yake, wa baridi na wa kiangazi. Wakala yule basi hakubuni kazi. Alibuni njia, akaiuza.

Sheria nayo ipo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2014 agizo maalumu kuhusu wafanyakazi wa msimu kutoka nje ya Umoja, na Ufini ikatunga sheria yake inayotumika tangu mwaka 2018. Inahusu kilimo na utalii. Kibali kirefu kabisa ni cha miezi 9 ndani ya miezi 12. Uswidi ni miezi 6. Norwe, ambayo haimo katika Umoja wa Ulaya, nayo ni miezi 6 ndani ya miezi 12. Kwa hiyo karatasi inayoahidi kibali cha msimu cha miaka miwili imejihukumu yenyewe. Huhitaji mwanasheria, unahitaji kalenda.

Kibali hicho hutanguliwa na mwajiri mwenye jina. Mwombaji huwasilisha mkataba, au ahadi ya kazi yenye nguvu ya kisheria, unaoeleza mahali pa kazi, aina ya kazi, muda, saa na malipo. Ada ya maombi hulipwa kwa mamlaka ya uhamiaji yenyewe, ambayo kwa Ufini inajulikana kama Migri; hailipwi kwa mtu mwenye koti ghorofa ya tatu. Ufini haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria moja ya nchi. Mishahara hufuata makubaliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, kila sekta na lake. Norwe, tangu Januari 2018, kiwango cha chini katika hoteli na migahawa kinamlinda kila anayefanya kazi humo, awe mwenyeji au mgeni.

Hata nyumba imefikiriwa. Chini ya agizo lile la 2014, mwajiri akikupa makazi, kodi isiwe kubwa kupita kiasi ikilinganishwa na mshahara wako, isikatwe moja kwa moja kwenye mshahara huo, na upewe mkataba wa upangaji au hati inayoeleza masharti. Nilipomsomea binti kipengele hiki alicheka. Alisema hajawahi kupewa hati ya masharti hata ya kazi, seuze ya kitanda.

Na kuna jambo la ada. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hatamtoza mfanyakazi gharama, si waziwazi wala kwa mzunguko. Anayelipa ni mwajiri, kwa kuwa ndiye anayetafutiwa mtu. Sisi tumezoea kinyume chake, kama tulivyozoea dalali wa chumba anayelipwa na mpangaji. Mazoea hayo ndiyo mtaji wa matapeli.

Baada ya kuyajua hayo, binti aliandika mwenyewe. Alitumia tovuti za ajira za serikali za huko, ile ya Job Market Finland na ile ya Arbeidsplassen ya Norwe, pamoja na kurasa za hoteli zenyewe. Mimi nilisahihisha Kiingereza chake, na hakikuhitaji kazi kubwa. Aliandika barua 23. Nyingi hazikujibiwa. Nne zilijibiwa, na tatu kati ya hizo zilisema jambo lilelile kwa upole: tunaajiri walio tayari na haki ya kufanya kazi hapa. Ya nne ilimfikisha kwenye mahojiano ya video. Alivaa sare yake ya kazi, akakaa sebuleni kwa mama yake huku jirani wakiombwa wapunguze muziki. Mwajiri alimsifu. Kisha akachukua mtu mwingine aliyekuwa karibu zaidi.

Simlaumu mwajiri yule. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya hahitaji kibali chochote kwenda kufanya kazi Lapland. Anapanda ndege tu. Ufini yenyewe, mwaka 2025, ilikuwa miongoni mwa nchi za Umoja huo zenye ukosefu mkubwa wa ajira. Binti wa Ilala yuko nyuma ya foleni ndefu, na hilo halisemwi kwenye matangazo. Mlango wa kweli upo, lakini ni mwembamba. Wa uongo ni mpana, una taa, na mlinzi wake anakukaribisha kwa jina.

Hapo ndipo nilipoanza kuona deni langu.

Nilisoma sekondari Kibaha. Shirika la Elimu Kibaha lilianza kama mradi wa nchi za Nordiki na Tanganyika: makubaliano yalifanyika mwaka 1963, na kwa miaka kadhaa Denmark, Ufini, Norwe na Uswidi zilijenga na kuendesha pale shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, hadi mwaka 1970 mradi ulipokabidhiwa kwa serikali yetu. Walimu na waganga walikuja kwa mikataba ya muda, wakakaa, wakarudi kwao. Hatukuwaita wafanyakazi wa msimu. Tuliwaita wataalamu. Walikuja wakiwa na barua, nyumba, bima na tiketi ya kurudi, na serikali mbili zilijua kila mmoja wao yuko wapi. Nasema hivi bila kejeli. Elimu yangu ni tunda la safari zao. Lakini nataka tuone kwamba kazi ya muda ugenini si fedheha. Inakuwa fedheha au heshima kutegemea ni nani anayejua kwamba umeondoka, na kwa masharti gani.

Sisi tunayo historia ya upande wa pili. Jina Kariakoo lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukuliwa kubebea mizigo jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Baadaye wakaja manamba wa mashamba ya mkonge, waliotolewa mikoa ya mbali kwa mikataba wasiyoweza kuisoma, siku zao zikihesabiwa kwenye kipande. Katika zama zetu, mwaka 2017, Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania walioajiriwa kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: hati za kusafiria zilizoshikiliwa, mishahara isiyolipwa, kazi zisizo na saa. Kutoka mpagazi wa 1917 hadi binti wa Muscat, mzizi haujabadilika sana. Mtu huondoka akiwa hajui alichokisaini, na nyumbani hakuna ofisi inayojua kwamba amesaini.

Nawageukia watumishi wa umma, kwa kuwa najua mnasoma hapa. Tunayo sheria ya kukuza huduma za ajira ya mwaka 1999. Tunacho chombo cha serikali cha huduma za ajira, na tunao utaratibu wa leseni kwa mawakala binafsi. Vyote hivyo ni vyema. Lakini siku ile niliposimama chini ya ngazi za Kariakoo, hapakuwa na kitu chochote cha serikali mahali ambapo biashara yenyewe inafanyika. Orodha ya mawakala wenye leseni, ikibandikwa kwenye ofisi za serikali za mitaa, kwenye vituo vya mwendokasi na kwenye vyuo vya hoteli, ingegharimu karatasi na gundi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza muda wa vibali, nani hulipa nini na nini kiwemo kwenye mkataba, ungemzuia shemeji yangu kukopa laki nane. Na makubaliano ya serikali kwa serikali, yenye idadi ya nafasi kwa wahitimu wa vyuo vyetu vya utalii, yangeupanua ule mlango mwembamba walau kwa kipimo cha bega moja. Waliojenga Kibaha tumezungumza nao kwa miaka mingi kuhusu misaada. Sioni kwa nini tusizungumze nao kuhusu ajira.

Kwa wanaharakati nina neno fupi. Tumezoea kuwaonya vijana: msiende, mtauzwa. Onyo lisilo na taarifa ni hubiri, kama lile langu la jioni ya kwanza. Mtu aliyekwisha kuamua kuondoka hasikii hubiri. Anakwenda kwa wakala, kwa sababu wakala angalau anamjibu.

Na kwako mwanafunzi uliyenionyesha tangazo: nililisoma. Halina jina la mwajiri. Linataka utume "pesa ya fomu" kwa namba ya simu ya mtu. Usitume. Kama unaitaka kazi hiyo, na una haki ya kuitaka, anza na jina la hoteli, uitafute mwenyewe, uiandikie mwenyewe. Anza mapema, miezi mingi kabla ya theluji. Uliza saa, malipo, makazi na nani anayelipa tiketi. Hati yako ya kusafiria isikae kwenye droo ya mtu mwingine. Na uwe tayari kwa kimya kirefu, maana foleni ni ndefu na kimya hicho si kipimo chako.

Katika zile laki nane, shemeji alirudishiwa laki mbili baada ya safari nne za ngazi zile. Safari ya tano alikuta mlango umefungwa, na sasa chumba kile kinauza makava ya simu. Marejesho ya VICOBA aliyamaliza mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia alisema nihifadhi hela zangu, nitazihitaji siku nyingine ya kumsomea mtu karatasi. Kiwanja cha Chanika hakikuuzwa.

Binti bado anaitwa kazini, na siku nyingine haitwi. Jumamosi iliyopita alikuwa na harusi ya watu mia nne. Alirudi usiku wa manane, akalala, na Jumapili mchana akanitumia barua kwa simu: hoteli moja ndogo kaskazini mwa Norwe, msimu wa kiangazi, kazi ya mapokezi. Chini yake aliandika, "Baba mdogo, hii ni ya 24. Naomba uitazame kabla ya jioni."

Niliitazama. Nilibadilisha neno moja tu, nikamrudishia.